Mzigo wa Frasila Mbili

Alfajiri ya kiangazi katika Kata ya Igalula, wilayani Uyui, mkoani Tabora, baiskeli husikika kabla haijaonekana. Keria inalia, mnyororo unasaga mchanga, kisha anatokea kijana aliyeinamia usukani, nyuma yake magunia ya mkaa yamesimama wima kama abiria waliogoma kushuka. Penye mchanga mwingi anashuka, anasukuma, anapanda tena. Hakuna anayemwita mwanamichezo. Akiambiwa kwamba kuna watu wanaolipa kiingilio ili wakanyage pedali kutwa nzima, swali lake la kwanza huenda likawa: wanabeba nini?

Si swali la mzaha. Miongoni mwa wanaoanza baiskeli ya masafa marefu wapo waliotoka chumba cha upasuaji, watu ambao kwa miaka mingi walibeba uzito uliopitiliza, wakapunguzwa tumbo, na sasa mwili mwepesi unawatuma barabarani. Je, mtu ambaye tumbo lake limebaki dogo kuliko kikombe cha chai anaweza kuendesha kilomita 80, 100 au 200 kwa siku? Anaweza. Lakini masharti yake ni tofauti na yale ambayo vitabu vya mchezo huo vimezoea kuyatoa, na nchi hii ya Unyamwezi, iliyojua safari ndefu na posho ndogo kabla baiskeli haijabuniwa, ina la kuchangia.

Igalula ni kituo cha reli ya kati, mashariki mwa Tabora. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo watu walipita kwa miguu. Misafara kutoka Bagamoyo ilivuka Ugogo, ikaingia misitu ya miombo, ikapitia Tura, Rubuga na Kigwa hadi Unyanyembe. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walifika Kazeh ya huko Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne njiani. Msafiri mwingine, Stanley, alipita humo mwaka 1871. Vitabu vimejaa majina yao, lakini kazi ilifanywa na wapagazi, na Wanyamwezi ndio waliosifika kuliko wote. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili. Frasila moja ni ratili 35, karibu kilo 16. Mbili ni kilo 32.

Namba hiyo ishikwe, maana itarudi.

Mtu wa kilo 120 anayefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo kwa kawaida hupoteza kati ya robo na theluthi ya uzito wake katika mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Hizo ni kilo 30 hadi 40. Kwa maneno mengine, anatua mzigo kamili wa mpagazi, mzigo ambao alikuwa analala nao, anapanda nao ngazi na kuamka nao usiku kwenda msalani. Hata fundi wa baiskeli anaelewa maana yake bila kuelezwa: spoku hazikatiki ovyo, tairi ya nyuma haibonyei, na magoti yanaacha kulia.

Upasuaji wenyewe una historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Edward Mason, daktari wa Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, alianza mwaka 1966 kutenga sehemu ndogo ya juu ya tumbo na kuiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Njia hiyo ingali inatumika, na kifuko kinachobaki hubeba kama mililita 30, nusu ya kikombe cha kahawa ya mitaani. Njia ya pili, ambayo sasa ndiyo inayofanyika zaidi duniani, ni kukata na kuondoa kabisa karibu robo tatu hadi asilimia 80 ya tumbo, kinachobaki kikawa kama mrija. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, kwa hiyo si ujazo tu unaopungua. Hata hamu ya kula hutulia. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987, uliofuatilia watu zaidi ya 2,000 waliopasuliwa na wengine idadi kama hiyo ambao hawakupasuliwa, ulionyesha katika matokeo ya mwaka 2007 kwamba vifo vilipungua kwa waliopasuliwa. Tangu 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa fani hii vinapendekeza upasuaji kwa mwenye BMI (uwiano wa uzito na urefu) ya 35 na kuendelea, na kuufikiria kwa mwenye 30 iwapo ana kisukari au maradhi mengine yanayoambatana na unene.

Kwa Tanzania jambo hili lilitoka kwenye minong'ono likaingia kwenye taarifa ya habari pale Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilipoanza mwaka 2022 kuweka puto tumboni. Puto si upasuaji: huingizwa kwa kifaa kupitia kinywani, hujazwa maji, hukaa kwa miezi kadhaa na kisha hutolewa. Ila limefungua mazungumzo. Wakati huohuo Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyeiongoza Muhimbili kabla ya kuchaguliwa mwaka 2025 kuwa mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kanda ya Afrika, aliwafanya Watanzania wazozane mezani juu ya chipsi, ugali na saa za kula. Wengine walimcheka. Takwimu hazikucheka: katika utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2010, wanawake 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi, katika ule wa 2015–16 walikuwa 28. Mijini hali ilikuwa nzito zaidi kuliko vijijini.

Hapo ndipo Igalula na Dar es Salaam zinapopishana. Kijijini, kunenepa bado ni dalili kwamba maisha yamemkubali mtu, na kukonda ghafla huleta maswali ya chinichini juu ya ugonjwa. Mtoto wa Uyui aliyehamia mjini, akanenepa, akapasuliwa na kurudi kusalimia akiwa amepungua kilo 35, atapokewa kwa pole nyingi kuliko pongezi. Akisema amekuja na baiskeli yake ili aendeshe hadi Nyahua kwa raha tu, shangazi zake watahisi mambo mawili yamemharibikia kwa pamoja, mwili na mfuko. Baiskeli huko ni chombo cha kazi. Ni ya maji, mkaa, tumbaku, mgonjwa anayepelekwa zahanati. Aliyepata fedha alishanunua pikipiki zamani.

Sasa turudi kwenye mwili wenyewe. Kosa la kwanza la wanaoanza ni kudhani kwamba wepesi ni nguvu. Upasuaji hauongezi uwezo wa moyo na mapafu. Injini ni ileile, mara nyingine hata hudhoofika kidogo, kwa sababu kati ya kilo zinazopotea, kiasi cha robo huweza kuwa si mafuta bali misuli. Aliyekuwa na mapaja yenye nguvu kwa kuwa alibeba kilo 120 kila siku anajikuta na mapaja membamba yasiyo na kazi. Ndiyo maana madaktari husisitiza protini, gramu 60 hadi 80 kwa siku, na mazoezi mapema: kutembea tangu siku za mwanzo, baiskeli isiyosogea baada ya wiki kadhaa kwa ruhusa ya daktari, na barabara ndefu baadaye sana. Mazoezi ndiyo yanayoubembeleza mwili ule mafuta na kuacha misuli.

Tena katika nchi tambarare kama Tabora, faida ya wepesi ni ndogo kuliko inavyotarajiwa. Uzito humtesa mwendesha baiskeli mlimani. Kwenye tambarare adui mkuu ni upepo, na upepo haujali kama mtu amepasuliwa. Mchanga ndio unaojali, na hapo kilo 32 pungufu ni neema kubwa.

Lakini kiini cha swali hakiko miguuni. Kiko tumboni. Elimu yote ya baiskeli ya masafa marefu imejengwa juu ya kula wakati wa safari: gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na mabingwa hupita hapo. Ndizi moja mbivu ina kama gramu 25. Ndizi mbili kwa saa, kwa saa sita, ni ndizi 12, na hapo maji hayajatajwa. Mtu mwenye tumbo la mililita 100 hazimuingii. Akilazimisha, zitarudi.

Zaidi ya ujazo kuna kasi. Kwa aliyeunganishwa tumbo na utumbo, sukari ikishuka haraka kwenye utumbo mwembamba huvuta maji kutoka mwilini. Ndani ya nusu saa moyo unakimbia, jasho linatoka, tumbo linasokota, mtu anatamani kulala chini. Au inakuja baadaye, saa moja hadi tatu, kongosho linapokuwa limemwaga insulini kupita kiasi na sukari ya damu ikaporomoka. Dalili zake ni kutetemeka, jasho na kizunguzungu. Mchana wa Oktoba huko Uyui dalili hizohizo zingeitwa jua kali. Mwenzake aliye pembeni angempa kivuli na soda, na soda ingeanzisha mzunguko upya.

Hapa kuna kejeli kidogo kwa Tabora. Asali ya miombo, inayorinwa kwenye mizinga ya magome ya miti na kusifiwa nchi nzima, ni chakula kizuri cha mwendesha baiskeli wa kawaida: haihitaji kutafunwa na hufika kwenye damu upesi. Kwa aliyekatwa tumbo, upesi huo ndio hatari. Kijiko kidogo ndani ya maji mengi, kwa kujaribu nyumbani kwanza, huenda kikamkubali. Kulamba chupa barabarani kama wanavyofanya wenzake ni kujitafutia balaa.

Matobolwa yana bahati zaidi. Viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa, hubeba wanga mwingi katika kipande kidogo, havichachi njiani na, kwa kuwa lazima vitafunwe sana, huingia polepole. Wapo wanaosema jina la Tabora lenyewe limetokana na chakula hicho. Tahadhari ipo: nyuzi zake zinaweza kukwama kwa mtu aliyetoka kupasuliwa, kwa hiyo si chakula cha miezi ya kwanza, na hata baadaye kipande kiwe kidogo, kilainike mdomoni kwanza. Uji mwepesi wa ulezi kwenye chupa, unaonywewa kwa mafunda madogo, ni njia nyingine inayofaa kuliko pakiti za jeli tamu zinazouzwa kwa bei ya mlo wa familia.

Wapagazi waliishi kwa posho, neno ambalo misafara imetuachia. Kiwango cha kawaida kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, karibu ratili moja na nusu, yaani gramu kama 680. Nafaka hiyo hutoa takriban kalori 2,300. Kwa chakula hicho, na chochote walichowinda au kununua njiani, walibeba frasila mbili tangu alfajiri hadi jua linapokuwa kali, kisha wakapiga kambi. Mtu aliyepasuliwa, katika miezi ya mwanzo, mara nyingi hafikishi kalori 1,000 kwa siku. Saa moja ya baiskeli ya mwendo wa kati huunguza 500 au zaidi. Hesabu haihitaji profesa: safari ya saa tano katika miezi hiyo haina posho, na nakisi haiwezi kulipwa yote na mafuta ya mwili, kwa sababu kasi ikipanda misuli hudai wanga.

Dawa yake ni mwendo. Kasi ikiwa ndogo, ile ambayo mtu anaweza kusimulia hadithi bila kuhema, mwili hutumia mafuta kwa sehemu kubwa, na mafuta hata mtu mwembamba anayo ya kumfikisha Dodoma. Mchukuzi wa mkaa wa Igalula haendi kasi. Hawezi, mzigo haumruhusu. Ila anafika. Wapenda baiskeli wa mjini, wenye saa za kupima mapigo na nguo za kubana, huona aibu kwa mwendo ule. Kwa mwenye tumbo dogo ndio mwendo sahihi, na yeyote anayemhimiza aongeze kasi katika mwaka wa kwanza hamtakii mema.

Maji nayo hayagugumiwi. Mwendesha baiskeli kwenye joto huhitaji nusu lita au zaidi kwa saa, na asiyepasuliwa huweza kukaa bila kunywa hadi afike dukani, kisha akamaliza chupa nzima. Aliyepasuliwa hana nafasi ya kulipa deni la namna hiyo. Lazima anywe funda moja kila baada ya dakika chache, apende asipende.

Damu ni sura nyingine, na pengine ndiyo inayopuuzwa zaidi. Chuma na vitamini B12 hufyonzwa kwa shida baada ya upasuaji, hasa ule wa kuunganisha utumbo. Bila hivyo damu hupungua, na bila damu hakuna hewa inayofika misulini. Mtu atajilaumu kuwa mvivu kumbe mapafu yanavuta na damu haibebi. Tabora pana nyongeza: ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na malaria nayo hula damu. Kipimo cha damu kila baada ya miezi kadhaa na vidonge vya virutubisho maisha yote si hiari. Dawa za kisukari na shinikizo la damu pia hupimwa upya, maana dozi iliyomfaa mtu wa kilo 120 inaweza kumwangusha barabarani akiwa na kilo 85.

Kuna pia jambo la duka la dawa. Baada ya safari ndefu mgongo unauma, magoti yanawaka, na dikilofenaki inapatikana kila kona. Kwa aliyeunganishwa tumbo na utumbo dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, huweza kuchimba vidonda pale paliposhonwa. Parasetamoli ndiyo rafiki yake. Hili linastahili kuandikwa kwa wino mwekundu kwenye kila kadi ya kliniki.

Mifupa inakumbusha kwamba baiskeli si tiba ya kila kitu. Mchezo huu unasifiwa kwa kuyahurumia magoti, na sifa hiyo ndiyo dosari yake: mfupa huimarika unapobebeshwa uzito, na juu ya kiti cha baiskeli haubebi kitu. Upasuaji wa kuunganisha utumbo nao hupunguza ufyonzaji wa kalisi na huongeza uwezekano wa mifupa kuvunjika miaka ya baadaye. Mwanamke wa Igalula anayetembea na ndoo ya lita 20 kichwani anaijenga mifupa yake kila asubuhi bila kutumwa na daktari. Mwendesha baiskeli hana budi kutenga siku za kutembea na kunyanyua vitu.

Na ngozi? Watu hawaizungumzii kwa haya. Kilo 35 zikiondoka, ngozi hubaki imening'inia tumboni na mapajani, na juu ya kiti cha baiskeli husuguana hadi kuchubuka. Kaptura ya kubana inayochekwa na shangazi ina kazi yake.

Kuhusu kama inawezekana kweli, mfano ulio wazi unatoka kwa mtangazaji wa televisheni wa Marekani, Al Roker, aliyefanyiwa upasuaji mwaka 2002 na mwaka 2010 akamaliza marathoni ya New York kwa zaidi ya saa saba. Alitumia miaka minane kufika pale, na hakushindana na mtu. Mwanasoka Diego Maradona ni mfano wa upande wa pili. Alipasuliwa Cartagena, Colombia, Machi 2005, akapungua haraka dunia ikashangaa, na baadaye uzito ukamrudia. Maradona alikuwa na miguu ambayo Roker hakuwahi kuiota. Alichokosa ni utaratibu wa kila siku, na kisu hakishoni utaratibu ndani ya mtu.

Hapa nyumbani barabara zipo na waendeshaji wapo. Chama cha baiskeli, CHABATA, kimekuwepo kwa miaka mingi, na Kanda ya Ziwa imetoa washindani waliojifunzia kwenye baiskeli za kazi. Msafara wa Twende Butiama hukanyaga kutoka Dar es Salaam hadi alikozikwa Mwalimu Nyerere, zaidi ya kilomita 1,000. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Mtu aliyepasuliwa hahitaji klabu nyingine. Anahitaji klabu iliyopo ikubali kwamba atasimama kila nusu saa, atakula kidogo, na gari la nyuma litabeba mtu anayejua tofauti kati ya jua kali na sukari kushuka.

Kwa anayetaka kuifuata njia ya wapagazi, lami sasa imetandikwa kutoka Tabora kuelekea Itigi kupitia Nyahua. Kipande cha Nyahua hadi Chaya peke yake ni kilomita 85, sehemu kubwa ikiwa msitu. Si mahali pa kujifunzia. Mwaka wa kwanza uishie kwenye safari ambazo mtu anaweza kurudi nyumbani kwa daladala, iwe ya magurudumu manne au ile ya baiskeli.

Wanyamwezi walishuka pwani kiangazi na kujitahidi kurudi kwao mvua zikianza, wakalime. Kalenda hiyo inamfaa mgonjwa pia. Anayepasuliwa Novemba, mvua za Tabora zinapoanza, ana miezi sita ya kutembea, kupima damu na kujifunza kunywa uji kwa mafunda kabla mchanga wa Igalula haujakauka mwezi Mei.